Kiko cha mbao: shelaki, nta, mafuta au vanishi ya dukani?

Randa_Kavu, Moshi

Wakuu, habari za kazi. Nachonga viko vya tumbaku kwa mzeituni mwitu, na mara mojamoja mpingo nikipata vipande vilivyobaki kwa wachonga vinyago. Umbo halinisumbui, msasa napiga mpaka namba 600. Kinachonigomea ni umaliziaji. Nataka kiko kinachoteleza, mteja akikishika asitamani kukirudisha mezani. Mbele yangu kuna shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti), nta, mafuta ya kitani, vanishi ya polyurethane na laka ya kupuliza. Ninyi mnatumia nini, na vingine mliviacha kwa nini?

Fundi_Keko

Mkuu, usijitese. Laka mikono mitatu, yaani matabaka matatu, msasa wa maji katikati, kazi imeisha. Meza za hoteli tunapaka hivyo, zinamwagiwa chai kila asubuhi na wala hazibabuki. Shelaki ni ya mafundi wa enzi za mkoloni. Glasi ya maji ikilala juu yake usiku mmoja, asubuhi unakuta duara jeupe.

Tupa_na_Msasa, Nairobi

Fundi, kwa meza sibishani nawe. Lakini meza moto unaipata kwa juu, na dakika mbili umeshapoa. Kiko kinachemkia ndani, tena pamoja na moto kuna unyevu wa tumbaku unaopenya kwenye mbao. Ukikivalisha gamba nene la polyurethane, joto na unyevu vinalisukuma kwa nyuma mpaka linatoa malengelenge, na aghalabu yanaanzia pale chini ya ukingo wa bakuli. Hapo hakuna kugusia sehemu moja, unakwangua kiko kizima. Laka ina nafuu kidogo kwa sababu thina inaiyeyusha, ila watu wengi wanaipuliza nene mno.

Shelaki nayo haipendi moto, kwenye nyuzi 75 hivi inaanza kulainika. Ndiyo maana kwenye kiko haipakwi kama gamba. Inatakiwa ijaze vitundu vya mbao, na juu ibaki kidogo sana. Mimi nafanya hivi.

Gramu 12 za magamba ya shelaki kwa mililita 100 za spiriti, ndani ya chupa ya kioo. Naitikisa kila nikipita, kesho yake imeyeyuka. Kama magamba bado yana nta yake ya asili, utaona utando wa ukungu umetulia chini. Usiuchokoze, mimina ile safi ya juu. Kwa mkono wa kwanza naongeza spiriti kiasi kilekile, iwe nyepesi ya kunywewa na mbao.

Kabla ya kupaka, futa kiko kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi zisimame, kikauke kabisa, ndipo upite na msasa 800. Ukiruka hapo, mkono wa kwanza ukikauka utapapasa ulimi wa paka. Ziba bakuli kwa kizibo, chomeka kijiti kwenye tundu la moshi upate pa kushikia. Ndani ya bakuli isiingie hata tone.

Brashi weka kando. Chukua pamba, ifunge ndani ya fulana kuukuu iliyofuliwa, iloweshe kidogo. Ukiibonyeza kwenye karatasi iache unyevu tu, isidondoshe. Pitisha mara moja kutoka shingoni hadi kwenye bakuli, uondoke. Usirudi palepale! Spiriti ya mkono mpya inayeyusha wa zamani, na ukirudi kabla haujashika kitambaa kinakokota na kuacha matuta. Mikono mitatu au minne inatosha, kila mmoja ukiwa mkavu mkononi. Kilaze usiku kucha. Kesho msasa 1500 bila kukandamiza, mpaka ule mng'ao wa plastiki ufe, halafu nta ya kanauba (nta ngumu itokanayo na mmea) kwa gurudumu la kitambaa. Gurudumu liguse tu, ukilikandamiza litachemsha shelaki na kuikunja.

Raha yake ni matengenezo. Kiko kikirudi kimechakaa, unafuta nta, unapitisha kitambaa chenye shelaki nyepesi, mpya inashikana na ya zamani zinakuwa kitu kimoja.

Jahazi_Bovu, Mombasa

Salaam, ndugu zangu. Hiyo spiriti ni ipi haswa? Mimi nanunua duka la dawa, na magamba yanavimba tu yakagandana chini ya chupa.

Tupa_na_Msasa, Nairobi

Soma kibandiko, ndugu yangu. Ikiandikwa 70%, sehemu iliyobaki ni maji, na shelaki haitaki maji. Nyingine za duka la dawa zimeongezwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, hizo zitaacha kiko kikinata. Tafuta ya 95% kwenda juu kwa wauza kemikali au vifaa vya rangi. Fungua dirisha, mara nyingi ina methanoli ambayo ni sumu, na kaa mbali na jiko. Kwa hewa ya pwani pia chagua siku kavu, la sivyo utaona wingu jeupe juu ya kazi. Likitokea, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana siku jua limewaka, huondoka.

Na andika tarehe kwenye chupa. Shelaki iliyokwisha kuyeyushwa huzeeka, ikipita miezi sita ijaribu kwanza kwa tone moja kwenye kipande cha kioo. Kesho yake ukucha ukizama, mwaga.

Kinyago_Mwenge

Randa, hayo yote ni ya mzeituni. Mpingo usiupake kitu kinachokaa juu. Una mafuta yake na umeshonana kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Panda na msasa mpaka 2000, sugua kwa kitambaa kikavu mpaka upate joto, malizia na nta kiduchu. Unang'aa wenyewe. Ila vumbi lake ni baya kwa kifua na ngozi, vaa barakoa.

Na nawaomba wenzangu wa vinyago, kiwi ya viatu iacheni kwenye vinyago. Kiko kikipata moto ile rangi inamhamia mvutaji mkononi, halafu mnasema mpingo unachuja.

Randa_Kavu, Moshi

Asanteni. Mafuta ya kitani hamjayagusa. Na nta ya nyuki ya Tabora si inapatikana kwa urahisi kuliko hiyo kanauba?

Kinyago_Mwenge

Nta ya nyuki inayeyuka nyuzi 62 mpaka 64, kanauba inafika 80 na kitu. Kwenye kiko cha moto ya nyuki itakunata vidoleni na kubeba kila vumbi. Ukikosa kanauba safi usikimbilie nta ya magari, ile ina vitu vya kung'arishia bodi ambavyo sitaki karibu na mdomo wa mtu.

Mafuta ya kitani yanatoa rangi nzuri sana ya mzeituni, sikatai. Ila yanakauka polepole, na yasipokauka vizuri mvutaji atayasikia kwenye moshi. Vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa pembeni, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Mzee_Kijiweni, Arusha

Wanangu, nyie mnachonga, mimi navuta. Kiko cha shelaki hupendeza dukani. Nyumbani mtu anakisafisha ndani kwa pombe kali, tone likichuruzika nje, pale pale doa. Ukingo wa bakuli nao unaguswa na kiberiti kila siku. Mimi nikipewa nichague, nachukua chenye nta tupu, kinakolea kadiri ninavyokishika. Hata viko vile vya meerschaum, jiwe jeupe laini, vilivyokuwa vikichongwa hapa Arusha kwa mawe ya Sinya vilikuwa vya nta, na vinabadilika rangi vizuri kwa miaka.

Tupa_na_Msasa, Nairobi

Shikamoo mzee. La pombe nakubali, sina jibu zaidi ya kumwambia mteja afute haraka. Kwenye ukingo mimi siweki shelaki kabisa, naishia nusu sentimita chini yake. Lakini mzeituni wenye nta tupu unafifia ndani ya wiki chache kwa mtu anayevuta kila siku. Mbao inainywa.

Mzee_Kijiweni, Arusha

Marahaba. Ukififia anapaka tena. Kazi gani hiyo?

Randa_Kavu, Moshi

Mzeituni nitautia shelaki nyembamba na kuacha ukingo, mpingo nautia nta. Ndani ya bakuli niache mbao tupu?

Kinyago_Mwenge

Wengine wanaacha. Mimi napaka mtindi uliochanganywa na unga laini wa mkaa, utando mwembamba, unakauka siku mbili. Unakinga mbao isiungue kabla masizi ya tumbaku hayajajenga ukuta wake. Mtindi usiwe na sukari.

Fundi_Keko

Haya, nimeelewa. Nani ana magamba ya shelaki Dar nijaribu kwenye stuli?