Mbona dunia haitikisiki macho yakiruka?

Jamaa wa Kondele:
Wadau habari za jioni. Niko hapa Kisumu namsomesha mdogo wangu baiolojia, tumekwama mahali. Macho hayatulii, yanaruka karibu mara tatu kila sekunde, hata saa hii ukisoma hapa yanaruka kutoka neno hadi neno. Sasa mi nikirekodi video kwa matatu nigeuze simu haraka, inatoka ukungu mtupu, lakini macho yakiruka kasi hivyo naona kila kitu kimetulia tu. Halafu ukifunga jicho moja usukume lile lingine pole pole kwa kidole juu ya kope, ukuta unasonga! Si jicho limesonga mara zote mbili? Tofauti iko wapi?

Nesi wa macho, Kakamega:
Kwanza msisukume kwa nguvu, na kama umefanyiwa operesheni ya jicho usijaribu kabisa. Lakini jibu liko hapo kwa kidole. Ubongo ukiamuru misuli ihamishe jicho, nakala ya ile amri inapelekwa pia kwa sehemu zinazoshughulika na kuona, kwa hivyo zinajua picha itahama na ni jicho limefanya hivyo. Kidole hakina amri yoyote, basi ubongo unachukulia ukuta ndio umehama. Mwanasayansi Helmholtz wa Ujerumani aliliandikia hili jambo karne ya 19. Tena wakati wa kuruka, kuona kunafifishwa kidogo. Simama kwa kioo uangalie jicho la kushoto kisha la kulia, hutaona macho yako yakisonga, na mwenye amesimama kando yako anayaona vizuri kabisa.

Mwanafunzi Maseno:
Niongezee hapo, maana hii ndio sehemu naipenda sana. Mwaka 1992 watafiti Duhamel, Colby na Goldberg walipima seli za ubongo wa nyani, upande wa nyuma juu, na kila seli huko ina kaeneo kake ka kuangalia. Wakapata nyani akikaribia kurusha macho, seli zingine zinaanza kujibu kitu kilichoko mahali eneo lao LITAKUWA baada ya kuruka, na jicho bado halijatoka! Yaani ramani inarekebishwa mapema. 2002 watafiti wengine, Sommer na Wurtz, wakafuata njia ya ile nakala, inapitia thalamasi (kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha taarifa) kuelekea mbele ya ubongo, walipoizima kwa muda nyani alirusha jicho la kwanza sawa lakini la pili likaenda kombo kiasi, kama mtu hajahesabu vizuri amefika wapi.

Jamaa wa Kondele:
Aki asante! Kwa hivyo kuna ramani moja kubwa ya chumba chote kichwani?

Mwanafunzi Maseno:
Hapo wataalamu bado wanabishana. Mimi naona inarekebishwa ramani ya vitu vichache unavyovijali, kwa sababu kitu kikihamishwa kidogo kwa skrini jicho likiwa katikati ya kuruka, mara nyingi mtu hatambui.

Mama Watoto Nakuru:
Na jirani yangu macho yake yanacheza tangu azaliwe, mbona anasema haoni vitu vikitikisika?

Nesi wa macho, Kakamega:
Ni kweli mama, wengi waliozaliwa hivyo wanaona dunia imetulia, ubongo wao umekua na hiyo hali. Mwenye inamwanzia ukubwani ndiye huona kila kitu kikitikisika, na huyo asingoje, aende hospitali mapema, inaweza kuwa shida ya ubongo ama ya sikio la ndani.