Tupeane uzoefu: tunaoshona nguo za mtindo wa zamani kwa mkono, nini kinatufanya tusiache?

Wadau, kofia za mashine zimejaa madukani, bei poa, ila bado tupo tunaoshika sindano. Naanza mimi. Niko Unguja, nashona kofia za vitobo. Kitambaa cheupe mara mbili, unachora maua kwa penseli, unatoboa, halafu kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kikaze, moja inakula miezi. Sasa upande wa mama sisi tumetokana na watumwa wa mashamba ya karafuu, na zamani hizo mtumwa hapa alivaa merikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) au kaniki (kitambaa cheusi), kichwa wazi, miguu mitupu, kofia na viatu ni vya waungwana. Utumwa ulipofutwa 1897 watu wakajivalia kanzu na kofia, wanawake kanga, yaani mtu akikutazama tu ajue huyu si mali ya mtu tena. Basi mi kila kitobo nawafikiria wao. Ndo maana mwanangu siku ya Idi lazima avae ya mkono wangu, hilo sibadilishi.

Mdau wa Lamu: Kwetu ni kazi ya nyumba nzima, mama anachora, mi natoboa, dada zangu wanajaza uzi, mazungumzo yote ya nyumba yanapitia hapo. Nikipishana na mtu njiani naijua kofia ya mama kabla sijaona uso wa aloivaa, na nafurahi siku nzima wallahi.

Mdau wa Muscat: Huku tunaiita kumma. Bibi aliondoka Unguja 1964, mi nimezaliwa huku. Ukimuuliza habari za kwao hivi hivi anakwambia nimesahau mwanangu, lakini mkae mnashona ataanza mwenyewe kukutembeza mtaa wa Malindi huko Unguja nyumba kwa nyumba, nani alikaa wapi, nani alimwoa nani. Nimejifunza ili nimsikie.

Mdau wa Mombasa: Mi nimehamia kwenye suruali za marinda, zile walizovaa mabibi wa Unguja karne ya 19 chini ya kanzu fupi. Marinda nayakunja kwa vidole, cherehani siitaki kabisa hapo. Picha za zamani ninazo ila hazionyeshi ndani yalishikizwaje kwenye kifundo cha mguu. Kama kuna mwenye bibi aliyehifadhi hata kipande, naomba anipigie picha upande wa ndani, nahitaji kuona mishono.