Msafiri wa peke yake analipishwa watu wawili, huyo wa pili yuko wapi?

Wakuu,

Hili la safari za miguu za Mtwara na Lindi tuliseme wazi kabla ya Juni, kwa sababu msimu wa kiangazi ukianza watu wataumizwa tena.

Matangazo ya wanaouza safari hizo yanasema bei ni "kwa mtu". Mgeni akijitokeza yuko peke yake, anaambiwa bei ile ni ya wakiwa wawili, kwa hiyo azidishe mara mbili. Huo ni wizi na hesabu yake haihitaji shule. Tuseme gari la kwenda na kurudi Newala ni 200,000, mwongozaji 50,000, chumba 40,000 na chakula 30,000 kwa kila kichwa. Wakiwa wawili jumla ni 390,000, kila mmoja 195,000. Akiwa mmoja, gari na mwongozaji havipungui, hilo linaeleweka na hakuna anayelipinga. Lakini chumba ni kimoja na mlaji ni mmoja, jumla 320,000. Ninyi mnaouza mnachukua 390,000. Ile 70,000 ni ya kitanda kisicholaliwa na sahani isiyoliwa.

Na ubaya hauishii kwenye hela. Anayetembea peke yake ndiye anayehitaji mtu wa ziada kuliko wote. Kundi la wanne mmoja akiteguka kifundo, wawili wanabaki naye, mwingine anakwenda na mwongozaji kutafuta msaada. Mgeni mmoja na mwongozaji mmoja, akiumia mgeni, mwongozaji ana mawili tu: amwache peke yake porini au wakae wote wawili wakisubiri. Akiumia mwongozaji ni balaa zaidi, maana mgeni hajui njia wala hajui amwite nani. Dawa yake ni kijana wa kijiji husika anayelipwa posho ya siku, anabeba dumu la maji, na anajua kijia kipi kinafika kijijini na kipi kinaishia shambani kwa mtu. Ile 70,000 inamlipa na inabaki. Kwa nini hayupo?

Shimo la Mungu pale Newala ndipo uzembe huu unapoonekana kuliko kwingine. Ni ukingo wa Uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma liko chini yako na Msumbiji ng'ambo. Sasa pale mlima uko kinyume. Unaanza juu, unashuka miguu ikiwa mipya, kila kitu kinaonekana rahisi. Kupanda kunakuja mwisho, umechoka, jua la saa 7 liko utosini na maji yamekwisha. Halafu mtu anampangia mgeni aanze kushuka saa 3 asubuhi baada ya kifungua kinywa! Inatakiwa saa 12 alfajiri awe ameanza kuteremka, na saa 4 awe amegeuza, hata kama hajafika alikotaka. Chai atakunywa akirudi.

Na maji. "Utapata njiani" ni kauli ya mtu asiyeijua Makonde. Juu ya uwanda hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, mvua inamezwa, maji yanakwenda kutokea chini mabondeni. Ndiyo maana Newala inasukumiwa maji kwa mashine kutoka chanzo cha Mitema, na watu wanakinga ya mvua. Mgeni wa siku nzima abebe lita 5: nusu lita kwa saa kwenye kivuli, karibu lita nzima kwa saa ya kupanda juani. Paketi mbili za ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, kila moja kwenye lita moja ya maji, asipunguze wala asizidishe. Akiacha kutoa jasho, au akianza kujibu maswali ovyo, hapo safari imekwisha: kivulini, alowanishwe maji shingoni na kwapani, apelekwe kituo cha afya.

Akishafika chini, asiguse Ruvuma. Kuna mamba na viboko. Tena huo ni mpaka. Tangu mashambulizi ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya mto, yaanze Oktoba 2017, na kijiji chetu cha Kitaya, Mtwara, kuvamiwa Oktoba 2020, mgeni asiyejulikana anayezurura peke yake kando ya mto anatiliwa shaka, na wanakijiji wana haki. Mwongozaji anayeanza kutembea kabla ya kumpitisha mgeni ofisi ya mtendaji wa kijiji anamtafutia kesi.

Lindi nako kuna uongo wake. Mnauza "komba wa Rondo" kwa safari ya mchana, wakati komba ni mnyama wa usiku, mchana amelala. Bila kulala kule msitu wa Rondo, na tochi, na kibali cha kuingia hifadhi ya msitu, hakuna cha kuona. Safari ya kilima cha Tendaguru nayo mnaiwekea picha ya mifupa ya dinosaria kwenye tangazo. Mifupa ile ilichimbwa 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kichwani hadi Lindi, na leo iko Berlin. Atakachokuta mgeni ni kilima na nyasi, na mvua zikiisha tu nyasi hizo zinampita kimo. Mwambieni ukweli, wapo wanaotaka kwenda hivyo hivyo kwa ajili ya historia yake.

Mnaouza safari hizi mpo humu, mnasoma. Wekeni hapa chini mchanganuo wa mtu mmoja: gari, mwongozaji, chumba, chakula, kijana wa kijiji, lita za maji, na saa ya kuanza kushuka. Na wewe unayetaka kwenda peke yako, usitume hata malipo ya awali mpaka upate hayo saba kwa maandishi.