Ushauri: jeti ya namba ipi baada ya kubadilisha ekzosi na kichujio cha hewa?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nina pikipiki ya zamani ya silinda moja, ya mipigo minne, ambayo kabureta yake ya Mikuni ina jeti kubwa (kipande chenye tundu linalopimia petroli) namba 110. Tangu nilipofunga ekzosi inayopumua zaidi pamoja na kichujio cha hewa kilicho wazi, inawaka na kutulia vizuri, lakini nikifungua akseleta hadi mwisho inakosa nguvu, na plagi naikuta nyeupe, dalili kwamba petroli haitoshi. Nimeshauriwa kuitoboa jeti iliyopo ili kuipanua. Je, nifanye hivyo, au ninunue mpya?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, tafadhali usiitoboe. Tundu la jeti limepimwa kwa uangalifu, na keekee ikishapita hutajua umefika namba gani wala hutaweza kurudi ulikotoka.

Cha kwanza ni kujua tatizo linatokea akseleta ikiwa wapi. Tangu injini inapotulia hadi robo hivi, inayotawala ni jeti ndogo. Kutoka hapo hadi robo tatu ni sindano iliyo ndani ya kabureta. Mwisho kabisa ni jeti kubwa. Kwa kuwa yako inalegea mwishoni tu, jeti ndogo iache kwanza. Tafuta 115, 120 na 125, uanze na iliyo kubwa kisha ushuke, kwa sababu petroli ikizidi injini huwa nzito na kutoa moshi mweusi, lakini ikipungua sana pistoni inaweza kuungua.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono, ila kabla ya kununua chochote hakikisha petroli inafika. Koki iliyoziba, au tundu la hewa lililoziba kwenye mfuniko wa tangi, huleta dalili hizo hizo, na hakuna jeti itakayoziponya. Kagua pia kama mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Petroli inashuka vizuri na mpira ni mzima. Ninazo jeti za Keihin, kampuni nyingine ya kabureta, za namba hizo, zitafaa?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapana. Namba za Keihin hueleza kipenyo cha tundu, ilhali zile za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hueleza kiasi cha petroli kinachopita, kwa hiyo 115 ya huku si 115 ya kule.

Ukishafunga jeti sahihi, weka plagi mpya, endesha akseleta ikiwa wazi kabisa mahali salama, kisha zima injini na ubane klachi kwa wakati mmoja kabla ya kuifungua plagi, kwani ukiiacha injini itulie kwanza, rangi utakayoiona itakuwa ya jeti ndogo. Nguvu zikirudi mwishoni lakini zikapungua katikati, shusha klipu ya sindano ngazi moja ili sindano ipande.