Ulinganisho: RAM ya GB 64, 96 au 128 kwa mashine ya grafiki yenye Ryzen 9 9950X

FremuKwaFremu
Wadau, naunda mashine ya After Effects ya 4K, Blender kwa picha za majengo, na Photoshop. Prosesa ni Ryzen 9 9950X, mazabodi ya B650 yenye sloti nne, kadi ya grafiki ya GB 24. Kwa jinsi bei ya RAM ilivyopanda tangu mwishoni mwa 2025, nataka kununua mara moja tu. Nalinganisha:
a) 2×32 (vijiti viwili vya GB 32) DDR5-6000 (kizazi na kasi ya RAM) CL30 (kipimo cha ucheleweshaji)
b) 2×48 DDR5-6000
c) 4×32, jumla GB 128
d) kuachana na hizo zote, nichukue HP Z440 ya mtumba na kuijaza RAM ya seva.
Ipi inafaa, na nichunge nini wakati wa kufunga?

Bisibisi_Luthuli
Piga hesabu ya kazi yenyewe kwanza. Fremu moja ya 4K (3840×2160) kwa biti 16 kwa kila rangi inakula takriban MB 66. Sekunde 10 kwa fremu 25 ni fremu 250, yaani karibu GB 16.6 za kuchungulia tu kabla ya kurenda (kutoa picha ya mwisho). Ongeza Windows, Photoshop iliyofunguliwa pembeni na kivinjari, utaona GB 64 inajaa upesi. Ukichungulia kwa nusu ya ubora, kila fremu inashuka hadi robo ya ukubwa huo.

Blender nayo, hata ukirenda kwa kadi ya grafiki, inabaki na nakala ya sini (mandhari ya 3D unayorenda) kwenye RAM. Kwa kadi ya GB 24, GB 64 ni kiwango cha chini cha kuheshimika. Kura yangu ni (b).

SlotiYaPili
Naunga mkono (b), na (c) naikataa kwa kazi hii. AM5, yaani soketi ya prosesa yako, ina chaneli mbili tu (njia za data kati ya prosesa na RAM). Ukiweka vijiti vinne, kila chaneli inabeba viwili, na kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa kinalemewa. AMD wenyewe wanaahidi DDR5-5600 kwa vijiti viwili, lakini vinne ni 3600. Kwa hesabu, 6000 kwenye chaneli mbili ni GB 96 kwa sekunde, na 3600 ni GB 57.6. Simulesheni za maji na moshi zitalihisi pengo hilo.

Wapo wanaovifikisha vinne juu ya 3600, lakini ni kazi ya kubembeleza volti, na mashine ya kuingiza riziki haifai kuishi hivyo. Usinunue pia seti mbili za 2×32 ukidhani ni sawa na seti moja ya vinne. Jina kwenye boksi linaweza kuwa lilelile na chipu za ndani zikatoka viwanda tofauti.

KivuliNaMwanga
Hapo (c) imeonewa kidogo. Sini ikihitaji GB 110, mwenye 96 ataangukia kwenye SSD, na hata SSD nzuri ya NVMe ya PCIe 4.0 inasoma kama GB 7 kwa sekunde. Bora 57.6 hiyo. Kwa hiyo suala ni ukubwa wa sini: fungua mradi wako mzito kwenye mashine uliyo nayo, kisha soma "Committed" kwenye Task Manager. Ikipita GB 90, sahau (b).

SlotiYaPili
Kweli, ila atakayepita 90 sasa ana 2×64. Vijiti vya GB 64 viko sokoni tangu 2025, unapata 128 bila kugusa sloti nyingine. Angalia tu kama BIOS (programu ya msingi) ya mazabodi yako inavikubali.

MkusanyajiNgara
Kuhusu (d): Z440 ina chaneli nne, na Xeon E5 v4 yenye vijiti vinne vya DDR4-2400 inatoa GB 76.8 kwa sekunde. Si haba. Lakini viini vyake (core za prosesa) ni vya zamani, na After Effects inategemea sana kasi ya kila kiini. Iwe mashine ya kurendea usiku, si ya kukalia.

Onyo kwa wanaookota RAM ya seva mjini: soma lebo. "PC4-2400T-R" ni RDIMM, yaani ya seva, "-U" ni ya kompyuta ya kawaida. Katika DDR4 zote mbili zinaingia sloti ileile, lakini RDIMM kwenye mazabodi ya kawaida haiwaki. Katika DDR5 pengo (mkato ulio kwenye ukingo wa kijiti) limehamishwa, kwa hiyo haitaingia kabisa. Usiilazimishe.

Bisibisi_Luthuli
Sasa kufunga. Mazabodi nyingi za B650 zilitoka kabla ya 9950X, kwa hiyo sasisha BIOS kwanza. Kama ina kitufe cha Flashback (cha kusasisha BIOS kutoka kwenye flashi), tumia flashi iliyofomatiwa FAT32, na uchomeke mashine kwenye UPS. Stima ikipotea katikati ya kusasisha, unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka.

Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Vijiti viende A2 na B2, yaani sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Nyaya za mazabodi hizi huishia kwenye sloti hizo. Ukitumia za kwanza, kipande cha waya kinachobaki wazi kinarudisha mwangwi wa mawimbi na kasi ya 6000 inaweza kugoma.

Linganisha pengo la kijiti na la sloti, kisha sukuma kwa vidole gumba, ncha zote mbili. Mazabodi nyingi zina kibanio upande mmoja tu, na hapo ndipo watu wanapopotea: kibanio kimelia "ka", ncha ya pili imeinuka kama milimita moja. Taa ya DRAM inabaki inawaka, na fundi anaambiwa RAM ni mbovu. Inama, utazame usawa wa kijiti kwa ubavu.

FremuKwaFremu
Kipozaji ni Noctua NH-D15. Kuna shida?

MkusanyajiNgara
Ipo. Ikiwa na feni zote mbili, nafasi ya RAM chini yake ni milimita 32. Vijiti vyenye taa za rangi mara nyingi vinapita 40. Chukua vifupi, au uinue feni ya mbele kama kasha lina nafasi. Na funga RAM kabla ya kipozaji.

SlotiYaPili
Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. DDR5 inajifunza mipangilio yake, usikate umeme. Ikiingia BIOS, washa EXPO (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa kwenye vijiti), kisha hakikisha Task Manager inaonyesha 6000. Ukiona 4800 au 5600, EXPO haijashika.

Halafu endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kwa flashi, mizunguko minne. Kwa GB 96 iache usiku mzima. Kosa hata moja halivumiliwi, maana ndilo linaloharibu faili ya mradi kimyakimya. Likitokea, pima kijiti kimoja kimoja kwenye A2. Vyote vikipita peke yake, shusha hadi 5600 upime tena. Kimoja kikianguka, rudisha seti nzima dukani, si kijiti kimoja.