Mrejesho: Canon M50 au R50? Nimeshachukua

Wakuu, habari za jioni kutoka Mbeya. Niliuliza hapa: kwa anayeanza kupiga harusi na send-off, achukue kamera ya Canon M50 iliyotumika, toleo la 2018, au ajikaze apate R50 ya 2023? Nawashukuru sana wote mlionijibu. Nimechukua R50.

Mpiga picha mmoja wa Mwanjelwa aliniazima zote mbili, nikaenda nazo kwenye send-off Uyole. Kwa picha za mchana sikuona tofauti ya kutisha, zote zina megapikseli 24. Kazi iko kwenye video. M50 ukiiweka 4K, yaani video ya ubora wa juu, inakata picha pembeni, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa ukumbi. Bibi harusi alipomlisha mama yake keki, fokasi ikang'ang'ania maua ya mezani. Inarudi usoni, kipande kimeshamezwa! Zamu ya baba nikashika R50. Ikakaa kwenye jicho la mzee, hata mtu wa MC alipokatiza mbele ikarudi palepale. Hapo ndipo nilipoamua, maana tukio kama lile halirudiwi.

Aliyenionya kuhusu lenzi, ubarikiwe: lenzi za M, yaani za familia ya M50, hazifungi kwenye R50, na Canon imeshaachana na familia ile. Lenzi yangu ya zamani ya EF 50mm, ile ya kamera za Canon za DSLR, nimeifunga kwa adapta, inafanya kazi vizuri.

Kinachofuata ni betri ya pili. Moja haitoshi kuanzia kanisani hadi ukumbini.