Tupeane uzoefu: Nani ndani ya Iron-Blooded Orphans alikukumbusha mtu wako?

#1 – Morogoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Wiki iliyopita nimemaliza kwa mara ya pili Mobile Suit Gundam: Iron-Blooded Orphans, sehemu zote 50, na tangu hapo kuna jambo limenikaa rohoni. Tahadhari kwa ambaye hajaitazama: humu tutawataja wanaokufa, nao ni wengi.

Kwa asiyeijua, hii anime, yaani katuni ya Kijapani, ilirushwa Japani kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2017, misimu miwili. Studio ni Sunrise, mwongozaji Tatsuyuki Nagai, mwandishi mkuu wa hadithi ni mwanamama Mari Okada. Mambo yanaanzia sayari ya Mirihi, miaka kama 300 baada ya vita kubwa. Watoto yatima wanafanya kazi kwenye kampuni ya ulinzi, na risasi zikianza wao ndio wanatangulizwa. Wamepachikwa kifaa mgongoni kinachowaunganisha na mashine, na upasuaji wenyewe hufanywa utotoni tu. Ukienda vibaya, mtoto amelemaa maisha. Siku moja adui anavamia, wakubwa wanakimbia na kuwaacha watoto kama chambo. Watoto wanapigana, wanashinda, wanaichukua kampuni na kuipa jina Tekkadan, ua la chuma lisilonyauka.

Yale majitu ya chuma ni mazuri, sikatai. Barbatos, jitu kuu la Tekkadan, alipochomoka chini ya ardhi na rungu lake mara ya kwanza, nilisimama kwenye kiti. Lakini kilichonirudisha kuitazama tena ni Orga na Mikazuki.

Orga ndiye kiongozi. Mikazuki ndiye anayeendesha Barbatos, na alipitia upasuaji ule mara 3, Orga akiona. Tangu wakiwa wadogo Mikazuki ana swali moja kwa rafiki yake: sasa tufanye nini, Orga? Na Orga lazima awe na jibu. Kuna mahali anakiri kwamba macho ya Mika yanamtazama muda wote, na mbele ya macho hayo hawezi kuonekana mdogo. Basi anaahidi makubwa, halafu makubwa zaidi, mpaka anaambiwa atakuwa mfalme wa Mirihi na anakubali.

Mimi nilikuwa na rafiki tangu darasa la tatu. Mwaka niliomshawishi tukakodi mashamba ya mpunga Kilombero, aliuza kiwanja alichoachiwa na mama yake akanifuata bila kuuliza. Msimu wa kwanza tulipata. Wa pili tulipata nusu. Kila tukimaliza kuvuna ananitazama: "Sasa tunafanya nini, kaka?" Sikuwa najua. Nikawa nasema tuongeze ekari, tukope, tukodi trekta, kwa kuwa kumwambia sijui niliona ni sawa na kumwambia kiwanja cha mama yake kimekwenda bure. Msimu wa tatu maji yalizoa kila kitu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonifanya nimkwepe. Ni miaka minne sasa.

Kwa hiyo nauliza: kati ya wale watoto, nani alikukumbusha mtu wako? Au wewe mwenyewe?

#2 – Mombasa

Salaam aleikum nyote. Mie nakuja na Kudelia.

Wengi humwona binti wa kitajiri anayetaka kuikomboa Mirihi kwa hotuba, na mwanzo kwa kweli ndivyo alivyo. Sehemu ya kwanza kabisa anampa mkono Mikazuki ili wawe sawa. Mikazuki anasita kwa kuwa yake imechafuka mafuta ya mashine. Kudelia anasisitiza, yeye hajali uchafu, ataka wawe sawa. Naye kijana amjibu kwa upole: kumbe kwa sasa hatuko sawa?

Nilisitisha hapo nikaenda kukaa barazani.

Nilikuwa na mtindo wa kwenda makao ya watoto, ng'ambo ya feri, mara moja kwa mwezi na wenzangu wa kazini. Unga, sabuni, picha, tukarudi. Siku moja nilimkuta kijana wa miaka kama 12 anatengeneza baiskeli, mikono imejaa grisi. Nikampa mkono. Kama ilivyo adabu yetu, yeye akanipa kiko cha mkono ili asinichafue. Nikakataa kwa sauti, watu wote wasikie, nikaukamata mkono wenyewe. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Yeye alibaki kanitazama tu, kisha akaniuliza jina langu. Nilikuwa nimekwenda pale mwaka mzima na hakuna aliyewahi kulijua jina langu, wala mie la wao.

Ninachompendea Kudelia ni alivyobadilika. Anagundua kwamba Mikazuki hajui kusoma, na wengi wa wenziwe pia, basi ndani ya chombo cha angani anaanza darasa. Hakuna kamera. Ni herufi na vitoto vilivyochoka. Baadaye Fumitan, mtumishi aliyemlea, anakufa akimkinga kwa mwili wake, ilhali alikuwa akipeleka habari zake kwa maadui. Kudelia amjua kwa ukweli wote na bado amlilia kama dada. Tokea hapo hotuba zake zina uzito mwingine.

Nikaacha kwenda na kikundi. Nakwenda peke yangu Jumanne na Alhamisi baada ya magharibi, twasoma. Yule kijana alinikataa miezi miwili, alikuwa akija kukaa mlangoni tu. Sasa asoma gazeti la michezo, na neno asilolijua halivuki mpaka nimweleze.

#3 – Nairobi, mzaliwa wa Goma

Kwangu ni Akihiro na Masahiro.

Kwa wenye hawajaona: kuna watoto wanauzwa kama mali, wanaitwa takataka za binadamu. Akihiro ni mmoja wao. Ndugu yake mdogo, Masahiro, aliuzwa kwa wengine. Akihiro anakaa na Tekkadan, anapata watu wanamuita ndugu, anaanza kucheka kidogo. Kisha wanakutana vitani na mdogo wake yuko upande wa maharamia. Akihiro anafurahi, anamwambia njoo nyumbani, nimepata familia. Na ni neno hilo la familia linamuumiza Masahiro kuliko risasi. Yeye alikuwa anangojea. Mwisho anamsukuma kaka yake pembeni na kufa yeye.

Mimi na mdogo wangu tulipotezana barabarani 2012, watu wakikimbia. Yeye alikuwa na miaka 9. Nilimpata baada ya miaka saba, kambi ya Nakivale, Uganda. Nilienda na bibi yangu na mtoto wetu, nikidhani ni zawadi: tazama, una shemeji, una mtoto wa kaka. Alitazama mtoto, akatazama viatu vya mtoto, akaniuliza: "Wakati huu wote ulikuwa unanunua viatu?"

Hakukuja Nairobi. Anaishi na watu alikimbia nao, hao ndio familia yake. Nilikuwa na hasira nyingi juu yao. Nilipoona Akihiro anachukua ile mashine iliyoua ndugu yake na kuipanda, kisha anawachukua watoto wengine wa maharamia wale na kuwapa jina lake la ukoo, nilianza kutuma salamu kwa wale vijana pia, kwa majina yao. Mmoja sasa ndiye ananipigia simu kunipa habari za mdogo wangu.

#4 – Dar es Salaam

Pole sana kaka wa Goma.

Naomba nimtetee Takaki, maana kila nikizungumza na mashabiki wenzangu namsikia akiitwa mwoga. Takaki, kijana wa Tekkadan, analea mdogo wake wa kike, Fuka. Msimu wa pili anapewa majukumu Duniani, anadanganywa na mtu mzima wa ofisini kwao, na rafiki yake Aston, mmoja wa hao waliopewa jina la Akihiro, anauawa. Aston alikuwa akila nao chakula nyumbani. Takaki anammaliza msaliti kwa mkono wake, kisha anaenda kwa Orga na kusema anaondoka, kwa sababu ya mdogo wake. Orga anamwachia.

Wakuu, kwenye hadithi ambayo kila mtu anakula kiapo cha kufa pamoja, kijana huyu anasimama mbele ya watu anaowapenda na kusema mimi nabaki hai. Sijaona ushujaa kama huo katika vita vyote vya Barbatos.

Nilikuwa mchimbaji mdogo Geita. Tulikuwa sita, tunalala turubai moja. Mama alipofariki, mdogo wangu yuko kidato cha pili, hana mtu. Niliwaaga jamaa zangu wakati duara letu, yaani shimo la kuchimba, limeanza kutoa dhahabu. Mmoja aliniambia nawaachia nuksi. Mwingine hakunipa mkono. Nikaja Dar, nikaanza na toroli la maji. Yule aliyeninyima mkono nilimlilia mwaka mzima, zaidi ya nilivyolilia pesa. Hatujapatana mpaka leo. Binti yuko mwaka wa mwisho wa ualimu, na bado sijui kama jamaa zangu wanaelewa.

#5 – Muscat

Mimi ni mpishi, kambi ya wafanyakazi, mwaka wa tisa huku. Nitasema machache.

Atra. Mtoto aliyekimbia nyumba aliyokuwa akiteswa, akakutana na Mikazuki. Hajui kupigana, anapika. Anawasuka bangili. Watu wanasema Atra hakui, yuko vile vile mwanzo mpaka mwisho. Mpishi haonekani akikua. Unaona tu watu wameanza kuchelewa kuondoka mezani.

Na yale matunda makavu Mikazuki anayotembea nayo mfukoni, mfano wa tende, mengine matamu, mengine mabaya. Anampa kila mtu. Hapa kambini ukitaka kujua nani kapatana na nani, tazama tende zinapita mkono upi kwenda upi.

#6 – Kitale

Mimi sikubaliani na sifa zote hizi. Ndiyo, Kudelia amekua, Takaki amekua. Lakini Mikazuki mwenyewe, mhusika mkuu? Anaanza akiua bila kupepesa jicho, anamaliza hivyo hivyo. Na ni yeye alimuua Orga kabla ya wale wenye bunduki. Baada ya Biscuit, mwenzao wa Tekkadan, kufa, Orga amejifungia gizani, amevunjika. Alihitaji mtu wa kumwambia pumzika. Mikazuki akamshika shati akamuuliza amuue nani sasa, na kwamba hatamruhusu kuishia njiani. Huo ni urafiki?

Biscuit ndiye alikuwa rafiki. Yeye peke yake alimwambia Orga hapana. Walibishana, mazungumzo hayakuisha, na kesho yake hakuwepo.

#7 – Morogoro (mwanzisha uzi)

Ndugu wa Kitale, umenigusa penyewe, na nimekaa na hoja yako tangu jana. Kuhusu shati, uko sawa. Ile sehemu ni ya kutisha kuliko vita yoyote.

Ila tazama upande wa shamba. Mikazuki kila mara anarudi kwenye shamba la mahindi la bibi yake Biscuit. Wanavuna, na tunaambiwa mahindi mengi yananunuliwa kwa bei ya kutupa kwa ajili ya kutengeneza mafuta, mkulima habaki na kitu. Wewe wa Kitale na mimi wa Kilombero tunaijua hiyo hesabu. Pamoja na hayo kijana anasema anataka kulima. Mwisho wa msimu wa kwanza Barbatos imemla jicho na mkono wa kulia, msimu wa pili upande wote wa kulia, haufanyi kazi mpaka aunganishwe na mashine. Na mtu huyo bado anauliza habari za mbegu. Hilo ni jibu lake mwenyewe, halikutoka kwa Orga. Tatizo ni kwamba Orga hakuwahi kumsikiliza kwa makini. Alikuwa anatafuta mahali pa kuwafikisha, na sehemu ya 50 Mikazuki anasema walikuwa wamekwisha kufika zamani. Mahali penyewe ni wao wenyewe. Orga amekufa sehemu ya 48, hakulisikia.

Na baadaye Kudelia na Atra wanamlea mtoto wa Mikazuki, Akatsuki, na biashara ya zile takataka za binadamu inapigwa marufuku kwa mkataba. Lakini mimi nimebaki kwenye mahindi.

#8 – Kitale

Sawa, hiyo ya shamba nimeikubali. Ya shati bado.

Na wewe je? Yule jamaa yako wa kiwanja?

#9 – Morogoro (mwanzisha uzi)

Nimempigia leo asubuhi. Namba ni ile ile. Yuko Ifakara, analima vibarua na ana robo ekari ya mboga.

Tumesalimiana, ameniuliza mama, nimemuuliza watoto. Kisha akaniuliza, kama zamani: "Sasa tunafanya nini, kaka?" Safari hii nilimwambia sijui, na kwamba hata ule mwaka wa trekta sikujua, nilikuwa naogopa macho yake. Nikamuuliza yeye anaonaje.

Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akaanza kuongea. Kumbe lile bonde tulilokodi mwaka wa tatu alilijua, baba yake aliwahi kulima pale na maji yakamtoa. Alijua na bei ya mbolea ya jumla, na mtu wa kukodi trekta kwa nafuu. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akasema, "Hukuniuliza."